Nondo wa Mchana na Ugali wa Baba

Nilipokuwa mtoto, huku huku Mbozi, bibi mzaa mama ndiye aliyeniambia habari za nondo wa mchana, yule kama kipepeo, mweusi mwenye mkanda mwekundu, utadhani nyigu lakini haumi. Akiingia ndani, mgeni yuko njiani. Usimfukuze, ongeza unga kwenye sufuria.

Mgeni niliyemtaka mimi ni mmoja tu. Baba alikuwa amevuka mpaka wa Tunduma kwenda kuchimba shaba Zambia, na hata salamu zilikuwa hazifiki tena.

Basi nikaona nondo wanachelewa. Nikaenda chini ya mibuni, nikaokota viwavi wale wa manyoya wanaogeuka nondo hao, mikono inawasha hivyo hivyo, nikawaweka kwenye kikapu jikoni na majani yao. Kaka yangu akanicheka: "Fuga basi na kuku, angalau tutakula."

Wakala, wakanenepa, wakajisokotea vijumba kwa manyoya yao wenyewe, wakatulia. Nikawa nachungulia kila asubuhi.

Jumapili moja tumetoka kanisani, jua kali, jikoni kote nondo. Mama akawatazama. Akasonga ugali mkubwa, wa baba akaufunika pembeni.

Bibi alipoingia akaangalia kikapu. "Mjukuu wangu, hawa hawajaingia. Hawa wamezaliwa humu."

Nikalia. Mama akasema, "Mama, najua. Nimemwona akiwalisha tangu viwavi."

"Sasa umempikia nani?"

"Mkono wangu ulishaanza kusahau kiasi cha baba yao."

Bibi akafungua mlango, nondo wakatoka mmoja mmoja kwenye jua.

Baba hakuja siku ile, wala mwaka ule. Alikuja baadaye, amekonda, na hakuna nondo aliyemtangulia. Mama alisonga ugali bila kuuliza, na ulimtosha, haukubaki wala haukupungua. Mimi nilikuwa nauangalia ule ugali, sio baba.

Siku hizi mtu anapiga simu kwanza. Lakini nikimwona nondo, bado naongeza unga. Sijui kama yeye anajua kitu. Ninachojua, mtu akiwa mbali, kuna kazi ya kumwekea nafasi yake, na lazima mtu aifanye.

Haya wanangu, baba yenu bado yuko na lori kwenye foleni ya mpakani. Funikeni chakula chake vizuri, paka asifike, mkalale.