Kitabu Kisicho na Haraka

Usiku ule wa wiki ya Valentine niliketi kitandani na viatu miguuni, simu mkononi, nikingoja kuambiwa kama mtoto wangu amepatikana. Fancy, wa miaka kumi, hakuwa nyumbani nilipotoka ovataimu ya shamba la maua. Hapa Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, viboko hutoka majini usiku kula nyasi. Wanaume wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga walikuwa wameshuka na tochi kumtafuta. Wanawake walikuwa wameenda kwa jirani yetu Cheruto.

Nilimsikia Mama Weldon, kiongozi wetu wa maombi, akiupiga mlango wa Cheruto kwa ngumi.

"Leta hicho kitabu cha majini! Ndicho kimemwita mtoto!"

Cheruto ni mtu wa Subukia. Alikuja huku akiwa msichana kukata waridi, kisha akawekwa kwenye kufunga maua, mahali ambapo msimamizi hupita nyuma yako akisema "mikono, mikono" hadi unayaota maneno hayo. Kifua kilipoharibika akaacha. Sasa hushona sare za shule kwa cherehani, na jioni huwasomea watoto wa ploti mlangoni pake. Kitabu alikikuta mjini Naivasha ndani ya begi la mitumba. Ni hadithi ya msichana ambaye nyanya yake ameingia ndani ya mlima, na mlima una lango la jiwe linalomfungulia tu anayengoja bila kubisha. Basi msichana anangoja. Chungu anapita. Mvua inanyesha. Konokono anasema neno moja, halafu analala. Jioni moja nilisikiliza nikichambua sukuma wiki, nikashindwa kuvumilia.

"Cheruto, wiki nzima na huyu mtoto bado ameketi! Si uruke mbele utuambie kama ataingia?"

"Sijui kama ataingia, Mama Fancy. Sisomi mbele. Tutafika pamoja."

"Basi songa haraka kidogo."

"Haraka yangu yote niliiacha kule kwa maua."

Watoto wakanicheka.

Usiku ule Cheruto alifungua, kwa sababu alidhani anaitiwa habari za Fancy. Mama Weldon akampokonya kitabu, akakitia kwenye jiko la makaa huku wengine wakiimba. Nilisimama mlangoni kwangu nikiona kurasa zikijikunja, na sikuweza kufikiria kitabu. Nilifikiria ziwa.

Alfajiri simu ikalia. Alikuwa Sitati, askari wa lango kubwa la shamba.

"Mathe, nimeingia zamu sasa hivi nikamkuta mtoto wako nyuma ya kibanda. Amejifunika katoni za maua. Anasema anakungoja wewe, hang'oki."

Nilikimbia. Fancy alikuwa mzima, midomo imekauka kwa baridi. Usiku ule malori yalikuwa yameziba lango kubwa, basi la kampuni likatutolea lango la nyuma. Tukapishana hivyo.

"Ulichelewa," akaniambia. "Nikaogopa viboko watakupata njiani. Nikaja kukungoja."

"Na askari wa usiku hukumwuliza kwa nini?"

"Asiyebisha ndiye hufunguliwa, mum."

Nilitaka kumchapa na kumbeba. Nikambeba. Njiani hasira ikaanza kunipanda, na haijashuka. Sawa, kitabu kilimfundisha kuketi. Lakini aliyenishikilia kule kazini mpaka giza si kitabu. Na aliyeamua kwamba mtoto ameitwa na majini, kabla hata ya wanaume kurudi kutoka ziwani, si Mungu. Ni Mama Weldon.

Tangu siku hiyo Cheruto amejifungia. Cherehani tunaisikia, sare zinapitishwa dirishani, lakini jioni mlango haufunguki. Watoto huketi nje na vikombe vyao vya chai, hawabishi, Fancy akiwa mbele. Jana Cheruto aliwaambia kutoka ndani, "Nendeni nyumbani. Hata mimi sikuujua mwisho wake. Aliyechoma aje aniambie alichoma nini."

Fancy akarudi akilia kimya kimya, kilio ambacho siwezi kukivumilia.

Leo nimetoka kazini nikaenda moja kwa moja kwa Mama Weldon. Alikuwa anapepeta mchele mlangoni.

"Twende kwa Cheruto," nikamwambia. "Umwombe msamaha, awafungulie watoto."

"Mimi? Tulikesha tukikuombea, Mama Fancy! Mtoto alirudi au hakurudi?"

"Alirudi kutoka kwa lango la kazi yangu. Wewe ulikuwa unachoma hadithi."

"Hadithi ya konokono wanaoongea! Wewe ni Mkristo wa aina gani?"

"Kitabu chenyewe ulikisoma?"

"Sihitaji kuonja sumu."

"Basi nenda umwambie hivyo, uso kwa uso. Usiku ule miguu ilikufikisha."

Akainua ungo, mchele ukamwagika kidogo, akaingia ndani. Komeo likalia.

Nilikuwa nimeshakunja ngumi. Ningeupiga mlango ule hadi ploti nzima itoke. Badala yake nimegeuza ndoo tupu iliyokuwa pale, nikaikalia, magoti yakielekea mlango wake. Fancy akaja na kikombe chake akaketi kando yangu. Kisha wale wengine.

Pazia likasogea.

"Mama Fancy, unataka nini hapo? Huna ugali wa kupika?"

Chungu alikuwa anaburuta punje ya mchele kuelekea kizingitini. Mlango haujafunguliwa. Na mimi leo sina haraka.