Shemeji kamzika jogoo wa mama

Leo mtu asiniulize habari za shemeji yangu. Nimekasirika!

Kaja jana kutoka Dar na dada yangu, na tangu ashuke kwenye basi wimbo wake ni mmoja: amekuja kula kuku wa Singida.

Asubuhi nikaenda sokoni Issuna. Narudi, simwoni jogoo wetu wa kishingo.

Kwa msiomjua, kishingo ni kuku wa kienyeji anayezaliwa bila manyoya shingoni. Ndivyo alivyo! Joto la huku hata halimsumbui. Na huyu ndiye jogoo pekee aliyebaki wa mbegu ya marehemu bibi, mama anailinda miaka yote.

Namuuliza shemeji. Anajibu kwa kujiamini, eti daktari:

"Yule alikuwa na ugonjwa, shingo yote imenyonyoka. Nimemuua nikamzika asije akaambukiza wengine."

Jamani! Hata kuuliza? Mama alikuwa kafuata maji bombani tu, si angemsubiri?

Nikafungua mdomo nimpashe, mama akanikazia macho. Kwetu mama hamgombezi mkwe wake, na hataki mwanawe amgombeze mbele yake. Wewe ungeweza kunyamaza? Mimi nilikaribia kupasuka.

Mchana mama akatenga ugali na mlenda. Shemeji akachungulia bakuli, akacheka:

"Mama, na kuku wa Singida je?"

Mama akamsogezea mlenda karibu. Kwa upole kabisa:

"Si umemzika, baba."