Mhubiri na Mkongojo wa Mke Wangu

Mke wangu alikuwa msusi. Pale Munuki, kwenye kibanda cha mabati karibu na steji ya bodaboda, wanawake walipanga foleni wakivisubiri vidole vyake. Sote wawili tulilelewa Kenya, tukaoana huko, tukarudi kwetu Juba, Sudan Kusini, tukiwa na Kiswahili kingi kuliko Kiarabu, na majirani wakatuita "wale Wakenya." Hatukujali. Mimi natengeneza jenereta kule Buluk, na katika mji huu fundi wa jenereta hakosi kazi.

Kisha vidole vyake vikaanza kuvimba. Vikafuata viwiko, magoti, vifundo vya miguu. Daktari alisema ni baridi yabisi, ile isiyopona bali hutulizwa kwa dawa.

"Mpaka lini?" mke wangu akauliza.

Daktari akaandika dawa za miezi mitatu.

Kibanda akakifunga. Ikawa kila asubuhi namwinua kitandani, namvalisha, kisha namsuka nywele. Ndiyo, namsuka, uani, jua likiwaka na watu wote wakiona, mistari ikienda kombo huku yeye akinielekeza kwa maneno kwa sababu mikono haikuweza kupanda kichwani. Jirani mmoja aliniuliza kwa kejeli kama nikimaliza nitamsuka na yeye. Nikamwambia alete kitana.

Kabla ya kwenda kazini tulisali. Sala zangu hazikuwa tamu. Nilimwambia Mungu waziwazi kwamba simwelewi, kwamba nilimwomba mara ngapi sijui na magoti bado yamevimba, lakini siondoki, na yeye pia asiondoke. Mke wangu alisema "Amina" kwa sauti kubwa kuliko yangu. Mvua zilipokuja, maumivu yalimzidi hadi akawa analia huku ameuma kanga. Hata siku hizo alisema "Amina."

Shangazi yangu, dada ya marehemu baba, hakuridhika. Alikaa Uganda miaka mingi, na Kiswahili chake ni cha huko.

"Mimi iko nasema, hii ugonjwa si ya hospitali," alituambia. "Iko mtu ya Mungu imekuja, iko na mkutano pale Nyakuron. Watu inatupa fimbo, inatembea!"

Mimi sikutaka. Mke wangu ndiye aliyesema, "Twende. Kuombewa hakuna ubaya, Shangazi."

Tukapanda raksha, yaani bajaji, sisi watatu, mke wangu akishikilia mkongojo wake katikati yetu na kuguna kila tulipoingia shimoni.

Uwanja ulikuwa umejaa. Mhubiri, mgeni asiyetujua hata kidogo, alimwona mke wangu, akamwita mbele. Nilimsindikiza. Mhubiri alimwekea mkono kichwani, akaomba kwa kelele, kisha akamnyang'anya ule mkongojo na kuwarushia wasaidizi wake.

"Tembea kwa jina la Yesu!"

Watu wakapiga vigelegele. Mke wangu aliinua mguu, akakanyaga. Aliinua wa pili. Goti likakataa. Nilimdaka kiunoni lakini tukaanguka wote, puu, kwenye vumbi.

Vigelegele vikakatika. Mhubiri hakuinama hata kumshika mkono. Alisogeza kipaza sauti mdomoni, akasema, "Nyumba hii ina dhambi iliyofichwa. Ungameni, ndipo atapona."

Nilimkalisha mke wangu vizuri, nikasimama.

"Mchungaji, Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba mwilini, na hakuondolewa. Yeye alikuwa ameficha dhambi gani?"

Akakiweka kipaza sauti mbali nami. Sikukihitaji. Mimi hushinda kutwa nikipiga kelele juu ya jenereta.

"Huyu mwanamke anaumwa kila siku na kila siku anasema 'Amina.' Unataka imani gani zaidi? Rudisha mkongojo!"

Mtu fulani katika umati akasema, "Wallahi, mrudishieni." Wakaurudisha.

Kwenye raksha Shangazi alilia. "Wewe imenitia aibu mbele ya watu." Tulipofika nyumbani, nikampangusa mke wangu vumbi miguuni na kumwambia kwamba mimi na makanisa kalas, tumemalizana. Tutasali wenyewe, uani kwetu.

Mke wangu akanitazama kwa macho makali ambayo sikuwa nimeyaona tangu alipofunga kibanda.

"Yule mtu si Mungu," akasema. "Kwa nini umwachie kanisa langu? Jumapili tunakwenda. Na sikai nyuma."

Tukaenda kanisani kwetu. Habari zilikuwa zimeshafika kabla yetu. Vichwa viligeuka, mazungumzo yakashuka. Mama mmoja wa kupokea watu alituonyesha benchi la karibu na mlango.

"Kaeni hapa, ili ukichoka utoke kwa urahisi."

"Asante, mama," mke wangu akamjibu. "Nikichoka nitachokea mbele."

Akapita katikati, polepole, mkongojo ukigonga sakafu, mpaka penye kwaya ya akina mama. Alikuwa ameiacha kwa sababu hakuweza kusimama muda wote wa nyimbo. Mchungaji wetu, mzee asiye na maneno mengi, alishuka madhabahuni, akachukua kiti chake mwenyewe, akamwekea kati ya wale mama. Kwaya ikasimama, mke wangu akakaa. Wakaanza kuimba, na nikaisikia sauti yake juu ya zote. Nilisimama pale nikilia bila kujificha.

Sasa huimba kila Jumapili anapoweza. Jumapili asiyoweza, baadhi ya wale mama huja kwetu mchana na kuimba uani. Shangazi hakuja kwetu majuma kadhaa, halafu akaja na chupa ya mafuta ya lulu, yale ya mbegu za mti wa shea. Hakumtaja mhubiri. Alikaa chini, akaiweka miguu ya mke wangu mapajani mwake, akaanza kumkanda.

Hajapona. Juzi, Jumatatu, hakuweza kushika kikombe. Nilimshikia, akanywa, akanuna, akaniuliza:

"Baba, hii chai uliitia sukari kweli?"