Bibi wa Mshairi Edwin

Nilianza ukalimani Jumamosi moja ya mvua, katika ukumbi mdogo wa mtaa wa Newtown, ambako wahamiaji wa Kongo, Kenya na Tanzania hukusanyika kusikiliza mashairi, nikitoka moja kwa moja kwenye cherehani yangu ya Rosettenville, nyuzi zikiwa bado zimeng'ang'ania suruali. Msimamizi wa Ukumbi, Mama Zuhura, mzaliwa wa Tanga, alisema sisi Wakongo tunaongea Kiswahili kama watu wanaokimbizwa. Kisha akanipa sharti: nikiliharibu shairi, nirudi kushona.

Kazi ilikuwa ukalimani wa kufuatana: msemaji anasema, ananyamaza, nawe unasema baada yake. Kwa mashairi ni kazi ngumu. Mshairi akinyamaza, hujui kama amemaliza au anavuta pumzi.

Mshairi alikuwa Edwin, Mwingereza aliyeezeka mapaa kaskazini mwa nchi yake kabla ya kuchapisha kitabu. Aliandika kuhusu vigae, mvua, na miguu ya mkewe Hilda, ambaye jioni ile aliketi safu ya mbele. Akasoma shairi la mapenzi. Nami, kwa Kiswahili cha Lubumbashi nilikozaliwa, nikatoa sauti nzito:

"Bibi yangu, sogea kitandani. Niwekee miguu yako ya baridi."

Wakongo na Wakenya wakaguna kwa utamu. Watanzania wakaangua kicheko. Kwetu bibi ni mke. Kwao ni mama wa mama au wa baba. Msusi mmoja wa Kitanzania akauliza, "Eish, Papa, huyo bibi hana kitanda chake?"

Edwin akawa mwekundu. Alidhani wanalicheka shairi lake. Mimi niliona cherehani ikiniita. Lakini mkalimani hafichi kilichosemwa ukumbini, basi nikawaeleza yeye na mkewe kila kitu. Hilda akacheka mpaka akavua miwani.

"Mwambie asome tena," akasema. "Nina wajukuu. Mimi ni bibi kwa pande zote."

Nilipoyatafsiri hayo, makofi yakalipuka. Edwin akarudia polepole, akimtazama mkewe, nami neno langu nikaliacha palepale. Hakuna aliyecheka. Yule msusi alikuwa akifuta macho.

Mama Zuhura akanivuta pembeni. "Kiswahili chako kibovu, Papa Kalonji. Jumamosi ijayo uwahi."

Niliwahi mpaka nikastaafu. Nimekaa kwenye vibanda vya vioo vya ukalimani sambamba, ambamo unaongea msemaji akiwa bado anaongea. Nimefanya kazi mahakamani, ambako Karani Mkuu alinikanya: "Bwana, hapa unatafsiri mashtaka, si nyimbo." Lakini furaha yangu ilikuwa vitabu vya Edwin. Vyote nimevitafsiri, tukibishana kwa simu juu ya kila mstari.

Siku hizi goti langu ndilo linaloamua niamke lini, na navisoma kwa raha tu. Katika kitabu chake kipya, Edwin ameandika *bibi* katikati ya Kiingereza, bila maelezo. Waingereza wenzake wakimuuliza maana yake, huwaambia wamtafute Mkongo na Mtanzania, wawaketishe pamoja, ndipo waulize.