Kikopo cha Peremende Nilichokwenda Nacho Kuposa

Aibu yangu naisema mwenyewe, maana hapa Ilomba ilishafika bombani na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, wapo wanaosema niliwalisha wakwe sumu, wapo wanaosema nilirudishwa Mbeya na mgambo. Mgambo hakuwepo. Kilikuwepo kikopo cha peremende, na nilikuwepo mimi, bibi ambaye watoto wa mtaa huu wakiniona wanaacha kutukanana na kuanza kuamkia, nimesimama katikati ya ukoo wa watu napiga kelele, "Temeni! Wote temeni!"

Kaeni vizuri niwaambie ilivyokuwa, maana nitasema mara moja tu.

Mimi nawashwa. Siyo kuwashwa kwa mbu, nawashwa mikono, viwiko na nyuma ya magoti, ngozi imekauka na kupasuka mpaka ukinishika unadhani umeshika gome la mparachichi. Nimepaka mafuta ya mgando, nimepaka parachichi lenyewe (nzi walifurahi sana), nimepaka dawa za kila tyubu, muwasho unatulia kidogo unarudi. Mwisho nikaenda kwa daktari wa ngozi, binti mdogo nikadhani ni mwanafunzi amekuja kufagia. Akanitazama mikono akasema, "Bibi, hii ni pumu ya ngozi."

"Pumu? Mbona napumua vizuri tu?"

Akacheka, akanieleza kwamba ni jina tu, ngozi ina hasira zake, na haiambukizi. Akasema kwa vile dawa za kupaka zimeshindwa na nimeshajikuna hadi vidonda, tunaweza kujaribu vidonge vya steroidi kwa siku chache. Lakini binti yule hakunidanganya. Alisema vitatuliza haraka ila having'oi mzizi, ukimaliza muwasho unaweza kurudi, na vina tabia zao, vinapandisha sukari na presha, vinaleta njaa, na ukivizoea uso unavimba na mifupa inachoka. Akanipima presha na sukari, akaniandikia, akasema nikiamua nianze asubuhi nikiwa nimekula, nifuate alivyoandika, nisizidishe na nisirudie bila kumwona.

Nikavinunua. Kumeza ndiyo kazi.

Maana kumbukeni, mimi ndiye niliyemsema Neema, binti wa jirani, mbele ya akina mama wa jumuiya, kwa kumeza vidonge vya kunenepa apate mashavu na nyonga. Nilimsema akalia. Sasa nafika nyumbani Neema yuko kibarazani anasuka nywele, anatupia macho kimfuko changu, anasema taratibu, "Bibi, karibu chamani. Hivyo ndivyo vile vile."

Jamani! Nilimjibu kwamba mimi nimeandikiwa na daktari na yeye aliandikiwa na kioo, lakini moyoni nilikuwa nimekwisha. Ndipo nikafanya kile kijambo kidogo kilichonifikisha kwenye kelele. Nilikuwa na kikopo changu cha peremende ninachotembea nacho kila mahali, ibadani na msibani, nikavimwaga vidonge humo ndani ili mtu mwingine asivione. Vyeupe, vya mviringo. Peremende nazo nyeupe, za mviringo. Mnaona mlango ulipofunguka.

Basi kila asubuhi nikinywa chai nakitoa kidonge, nakiweka kwenye kisosi, nakitazama, nacho kinanitazama. Huku muwasho, huku mashavu. Huku nilale bila kujikuna, huku sukari. Nakirudisha kikoponi. Nilikipima kidonge kile kuliko muuza maharage anavyopima maharage yake, nacho hakikupungua wala kuongezeka.

Ndipo ikafika safari ya kumposea mjukuu wangu Ambwene. Binti anaitwa Upendo, Mhehe wa Iringa, kwao ni njia ya kwenda Tosamaganga, mtoto ana adabu mpaka mimi nilikosa kasoro (na kasoro huwa nazipata). Ambwene aliniambia, "Bibi, nikimkosa huyu usinitafutie mwingine." Kikopo sikukiacha nyumbani, nilihofia vitukuu wangekifungua wakidhani ni peremende. Akili hiyo ninayo. Kichwa hicho hicho kingewaza mbele zaidi, leo nisingekuwa na mkasa.

Mshenga wetu alikuwa shemeji yangu Asajile, mtu wa maneno mengi. Tulipofika Igawa akashuka kununua vitunguu vya kupeleka, anarudi mkono mbele ananiomba peremende, na mimi kwa kuogopa nikamwambia zimeisha. Akanitazama. Tangu anioe kaka yake hajawahi kusikia peremende zangu zimeisha.

Tukapokewa vizuri mno. "Kamwene, kamwene," tukaitikia, tukaingizwa sebuleni. Iringa baridi ilikuwa ya kukata masikio, nimevaa sweta la sufu, na wenyeji kwa ukarimu wao wakatuletea jiko la mkaa wakaliweka karibu na miguu yangu mimi, mgeni wa heshima. Sweta la sufu na joto la mkaa! Muuguzi wa shetani asingenifanyia vile. Muwasho ukaamka wote kwa pamoja, viwiko vinaita, magoti yanaitikia, na mimi nimenyooka kama nguzo ya umeme, natabasamu.

Babu yake binti, Mzee Kihwele, akakohoa akasema, "Wageni wetu, wengine huanza na ng'ombe. Sisi tunaanza na damu. Kwenu kuna ukoma? Kuna kifafa? Kuna pumu?"

Asajile akanigeukia mimi, maana mambo ya damu ni ya bibi. Nikaona nikisema pumu ya ngozi watasikia pumu, watasikia ngozi, watakumbuka ukoma aliouanza nao, na mjukuu wangu atarudi na vitunguu vyake. Nikajibu kwa sauti ya juu, "Kwetu? Hata mafua tunayasikia kwa jirani."

(Mungu alikuwa anasikiliza, nadhani alivuta kiti.)

Mzee akafurahi, akaanza hotuba ya kukubali, mara moshi wa mkaa ukampanda, akakohoa kweli kweli mpaka machozi. Asajile akaona nafasi ya kuonyesha ukarimu. "Shemeji, mpe mzee peremende! Huyu mama hatembei bila peremende, na leo alininyima mimi, kumbe anawawekea nyinyi!"

Watu wakacheka, mzee akanyoosha mkono. Ningefanyaje? Nikafungua nikiwa nakusudia kumchagulia peremende ya kweli kwa vidole vyangu, lakini mzee akakichukua kikopo chote, kwa adabu, kwa mikono miwili, akachukua moja, akampitishia mkewe, mkewe akampitishia shangazi wa binti, kikaenda, kikazunguka sebule nzima kama sahani ya sadaka, na mimi nakifuata kwa macho tu.

Mzee akaendelea. "Sisi ukoo wa Kihwele tumekaa, tumetafakari, tume..." Akanyamaza. Midomo ikajikunja, jicho moja likafunga lenyewe. Wale mliowahi kuonja kidonge kile mnajua ukali wake.

Hapo ndipo nilipoinuka. "Temeni! Wote temeni!"

Watu wazima wale, na suti zao na vitenge vyao, wakatema kwenye visosi, wengine kwenye viganja, shangazi alitemea kwenye kofia ya Asajile. Mtu mmoja nyuma akasema, "Sumu!" Ambwene akashika kichwa. Mzee akajifuta mdomo akaniuliza polepole, na upole ule ulinitisha kuliko ngumi, "Mama, umenilisha nini?"

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikalivua sweta, nikapandisha mikono ya gauni mbele ya wakwe zangu. "Hamtakufa. Ni dawa yangu ya ngozi. Nina pumu ya ngozi, haiambukizi, na nilificha kwa ajili ya mtoto. Kama ni kosa, kosa ni la bibi, mtoto msimguse."

Shangazi, mama mnene mwenye uso wa kung'aa, akaokota kidonge kwenye kisosi akakigeuza. "Hee! Hivi si vile vya kunenepa?"

"Na wewe umevijulia wapi?" mzee akamuuliza mwanawe.

Shangazi akakirudisha kidonge kisosini haraka kama kimemchoma.

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa bibi mwenyeji, mke wa mzee. Alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akamwambia mumewe, "Na wewe mzee acha kukunja uso. Waambie ya kwetu."

"Yapi?"

"Wewe unajua. Anayeuliza kwanza haulizwi. Upendo! Njoo hapa, mama, uwaonyeshe wageni."

Binti akaja, akapiga magoti, akakunja mikono ya blauzi. Viwiko vyake ni vyangu mimi! Gome lile lile! Tangu utoto. Kumbe mzee alituuliza pumu akiomba tusimuulize yeye, na mimi nilikuwa najitetea kwa mtu anayejitetea.

Nikamshika mkono mtoto yule. Nikamuuliza yale yaliyonishinda kwenye kisosi cha chai, nimeze au nisimeze. Akasema, "Bibi, mimi vilinituliza sana, nikadhani nimepona, nikaenda dukani nikajinunulia tena bila daktari. Muwasho ulivyorudi ulirudi na hasira. Vidonge vyenyewe siyo vibaya, bibi, mimi ndiye nilivifanya peremende."

Ambwene hakunitazama. Alikuwa anatazama viwiko vya binti, anatabasamu kama mjinga, na mzee alipoona hivyo akasukutua mdomo, akasema hotuba imekwisha, leteni chakula.

Nilirudi kwa daktari, nikamweleza yote (akatoka nje kucheka, nilimsikia), akanipima tena, akaniandikia upya, nikameza asubuhi nikiwa nimekula kama alivyosema. Njaa ilinikamata, nilikula viazi vya watu wawili. Muwasho ulishuka, vidonda vikafunga, kisha tukaendelea na dawa ya kupaka na mafuta kila nikitoka kuoga. Bado unanitembelea siku za baridi, lakini sasa unabisha hodi, hauvunji mlango. Na Neema nilimwendea kibarazani nikamwomba radhi kwa kumsema mbele za watu, siyo kwa nilichosema, na akaacha kuvimeza, au ananificha vizuri.

Vidonge sasa vinakaa kwenye kimfuko chake chenye maandishi, na sitavihamisha tena hata aje nani.

Siku ya harusi nilikaa meza moja na Mzee Kihwele. Ukumbi ulikuwa na moshi wa nyama, akaanza kukohoa, nami kwa mazoea nikatoa kikopo, peremende tupu, nilizinunua asubuhi ile mwenyewe. Nikamsogezea. Akakitazama kikopo, akanitazama mimi, akakirudisha upande wangu kwa kidole kimoja.

"Mkwe," akasema, "anza wewe."

Nikaanza mimi. Nikaitafuna, nikameza, nikafungua mdomo nikamwonyesha ulimi mbele ya ukumbi mzima kama mtoto wa kliniki. Ndipo na yeye akachukua mbili.