Trekta Jipya la Mama wa Ubatizo wa Binti Yangu

Admin, pole na kazi. Jina langu libaki kwako tu, maana ninayemsema ninasali naye, na watu wa huku wanausoma sana ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, mjane, mkulima wa Mlali, Morogoro. Nina binti mmoja, Roza, yuko chuo mjini na amepanga chumba Kihonda. Marehemu mume wangu alinunua trekta kuukuu kwa kushirikiana na mume wa rafiki yangu, nitamwita Mama Anitha. Waume zetu walipofariki hatukuligawana. Tuliweka dereva, tukawa tunawalimia watu mashamba, kinachopatikana tunagawana. Mama Anitha ndiye mama wa ubatizo wa Roza. Nilipofanyiwa upasuaji, yeye ndiye aliyelala na mimi wodini na kuniogesha. Nasema haya ili mjue kwamba sikuwa na mtu ninayemwamini kuliko yeye.

Trekta lilikuwa limechoka. Lilikuwa haliwaki mpaka liegeshwe kwenye mteremko, na moshi wake ulikuwa mweusi kama wa tanuri. Mwaka jana likatuzimikia katikati ya shamba la mteja. Nikamwambia mwenzangu tuliuze, tuongezee kwa mkopo tupate jipya. Akakubali, akasema mkopo atafuatilia mwenyewe mjini kwa sababu mwanae naye anaishi Kihonda. Akawa anakwenda na kurudi, halafu siku moja akaja jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda, machozi yanamlengalenga.

"Dada, wametukataa. Wanasema sisi ni wajane na umri umekwenda, nani atalipa tukifa. Tushushe injini ya hili hili la kwetu. Likitengenezwa vizuri litatuzika."

Mimi ndiye niliyembembeleza siku ile.

Tukamwita fundi, akashusha injini, vyuma vikatandazwa juu ya turubai uani kwangu. Pampu ya dizeli Mama Anitha akaichukua, eti kuna fundi wa pampu anamfahamu mjini. Mvua zikaanza kushuka kutoka milimani. Wateja wananipigia, nawaomba wavumilie. Nikimuuliza kuhusu pampu ananiambia, "Fundi anasubiri spea, vumilia kidogo." Baadaye wateja wakaacha kupiga. Nikadhani wananionea huruma.

Asubuhi moja nikaenda kwa mzee mmoja, mteja wetu wa miaka mingi, kumwomba asitafute mtu mwingine. Nikakuta shamba lake linalimwa. Trekta jipya, jekundu, na aliyekaa juu yake ni dereva wetu. Aliponiona akazima, akashuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Trekta la nani hili?"

Akainamisha kichwa. "La Mama Anitha. Alituambia umejitoa, kwamba umechoka na mambo ya matrekta."

Yule mzee naye akanipa pole kwa uamuzi wangu wa kupumzika.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Anitha, nikamkuta anachambua maharage. Hakushtuka. "Nilijua utakuja," akasema. "Walikubali kukopesha jina moja tu. Ningekwambia, ungesema tuache wote wawili."

"Na pampu?"

Akaendelea kuchambua. Akasema taratibu, "Ungeingia shambani na lile bovu, wateja wangegawanyika. Mkopo ningeulipaje?"

Nikatoka. Njiani nikampigia Roza, nalia. Nikamweleza yote.

"Mama, nililiona," akasema. "Lilikuwa uani kwa mwanae, hapa Kihonda. Mama Anitha mwenyewe aliniomba nisikwambie, eti anataka kukushtukiza. Nilipogundua si hivyo, alikuwa ameshanilipia kodi ya chumba. Nikaogopa."

Ndugu zangu, la rafiki liliniuma. La mtoto wangu lilinivunja.

Sasa fundi anasema pampu ikirudi na injini ikifungwa upya, trekta linaweza kulima misimu miwili au mitatu, ila hawezi kuniapia. Kaka yangu ananiambia nichukue jipya kwa kuweka rehani kiwanja cha kando ya barabara, ndicho pekee nilichomwekea Roza. Na Jumamosi iliyopita zamu ya sala za jumuiya ilikuwa nyumbani kwangu. Mama Anitha alikuja, akakaa karibu kabisa na lile turubai. Kwenye kupeana amani akaninyooshea mkono, nikaupokea mbele za watu. Wenzetu walipoondoka, yeye akabaki.

"Niuzie nusu yako ya hilo la zamani niliondoe hapa uani," akasema. "Halafu uje usimamie jipya, nitakuwa nakulipa kila msimu. Tuzeeke pamoja kama tulivyosema."

Nikamsindikiza hadi njia panda kama ninavyofanya siku zote, mwili wenyewe ulinipeleka. Roza naye ananiomba nikubali, anasema chuki haijazi ghala.

Nikilitengeneza hili la zamani, nitashindana na jipya kwa lipi? Nikikopa nikashindwa, mwanangu atabaki na nini? Na nikienda kusimamia mali ya Mama Anitha, nitamwangalia vipi yule dereva kila asubuhi? Fundi anakuja wiki ijayo, anataka jibu, na pampu bado iko kwa Mama Anitha.

Ninyi mliowahi kuumizwa na mtu wa ndani, nipeni mawazo: nilifufue, nikope, au nimuuzie? Mkitaka kunisema, nisemeni mimi. Binti yangu msimtukane, nina yeye peke yake.