Namba za Akina Mama

Karani wa zahanati alikuwa ameingiza namba za simu za akina mama mia sita, akitia vistari na mabano alivyopenda. Kompyuta ikagoma kuwatumia ujumbe, na chanjo ya watoto ilikuwa kesho yake.

"Shangazi, umezipamba kama bibi harusi!" alicheka binti wa kaka yake, mtunga programu. Akaandika mstari mmoja: pitia kila alama, bakiza tarakimu tu.

"Ngoja, mwanangu. Hapa, baada ya namba, niliandika 'jirani, nyumba ya 4.' Hiyo nne si itang'ang'ania kwenye namba?"

Binti akashika kichwa, akaongeza: bakiza tarakimu kumi za mwanzo. Ujumbe ukaenda, na punde majibu ya akina mama yakaanza kumiminika.

"Asante, mwanangu."

"Asante wewe, shangazi. Peke yangu ningewapoteza baadhi ya akina mama."